Moto wa Bi Mwanatumu

Enzi zetu, sisi wa nyuma ya Kona ya Musa, kiberiti kilikuwa cha watu wenye haraka. Asubuhi mtoto alipewa kigae akapalie moto kwa jirani. Ungerudi na makaa mawili matatu na habari zote: nani kaamka na homa, nani kanuniana na mumewe, nani anakaanga vitumbua. Wanangu leo wanajua habari za watu wa Dubai, ila hawamjui anayeishi mlango wa pili.

Moto wetu ulitoka kwa Bi Mwanatumu, mjane aliyeishi peke yake. Nyumba yake na yetu zilipakana, na yeye na bibi yangu walisemezana kupitia ukuta wa udongo mpaka wakati wa kulala.

Mwishoni mwa miaka ya tisini tukaambiwa mji unatengenezwa. Panajengwa soko jipya na barabara pana. Sisi tutapewa nyumba za matofali huko ndani, mbali na lami. Sitasema uongo, tulifurahi. Sakafu ilikuwa ya saruji na mabati hayakuvuja. Lakini nyumba ziligawanywa kwa kura. Bibi akapata safu ya kwanza, Bi Mwanatumu safu ya tisa. Huku na huku kwetu walikuwa watu tusiowajua, milango imefungwa kutwa. Bibi akapungua maneno, kisha akapungua mwili.

Hata hivyo kila asubuhi alinituma. "Nenda kapalie moto kwa mwenzangu, na umsalimie."

Nilikwenda, na nikifika nyumbani makaa yamekuwa majivu. Bibi akanirudisha. Wiki ya pili nikachoka. Nikaficha kiberiti nyuma ya choo, nikawasha vifuu huko huko, nikaingia na kigae kinafuka.

"Umemkutaje?"

"Mzima, bibi. Anakusalimu. Anachemsha muhogo."

Kesho yake nikasema muhogo. Siku ya tatu nikasema muhogo. Bibi akaacha kupuliza moto, akanitazama.

"Mwanatumu hali muhogo siku tatu mfululizo. Muhogo humtia kiungulia."

Akajitanda leso, akatoka. Goti lilikuwa likimsumbua, na tangu tuhame hakuwahi kufika hata safu ya tatu. Nilimfuata nikilia, nikakiri yote njiani. Akazidi kukaza mwendo.

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Bi Mwanatumu alikuwa sakafuni kando ya kitanda, mwili unawaka kwa homa, midomo imekauka. Jirani yake, kijana mstaarabu kutoka bara, alisema alidhani mama amesafiri. Angejuaje? Wa kujua nilikuwa mimi.

Bibi alimnywesha maji kwa kijiko. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," akasema polepole. "Nilikuwa nikingoja uje kupalia moto."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Alipona, ila miguu haikurudi kuwa ile. Soko nalo lilijengwa, zuri, hata mimi hununua nguo humo. Leo nina jiko la gesi, nalipenda, chai huiva upesi. Lakini kila asubuhi kabla ya kuliwasha hutoka kwanza nikapiga hodi mlango wa pili, kwa mzee mmoja anayeishi peke yake. Wanangu hucheka: "Mama, si umpigie simu tu?" Mimi husimama pale pale mlangoni mpaka aitike.