Orval, Fundi wa Kubana Shingo

Nimezaliwa Montana na nimeona meza chafu za kila namna, lakini ya Orval Tveit ndiyo iliyonifanya nikose hamu ya mayai wiki nzima.

Orval alikuwa mkata manyoya ya kondoo mpaka mgongo ukagoma. Sasa ana miaka sabini na moja, na kazi yake ni kujaza risasi upya gerejini kwake. Anachukua maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, anayabana yarudie umbo, mwili mzima au shingo tu, pale mdomoni panaposhika kichwa cha risasi, anatia fataki mpya, baruti na kichwa. Nusu ya bonde letu hupiga risasi zake. Mimi hujaza zangu mwenyewe, na juu ya meza yangu mkunga angeweza kuzalisha. Shule niliiachia darasa la nane, usafi sikuuacha.

Ijumaa moja nilienda kwake kumchukulia Janelle, binti wa marehemu dada yangu, risasi themanini. Kesho yake kulikuwa na shindano la kulenga shabaha, na nafasi ya timu ya jimbo ilibaki moja. Janelle aliitaka nafasi hiyo tangu ana miaka kumi na minne.

Nikamkuta Orval anatafuna tumbaku, anatema kwenye kopo la kahawa lililojaa karibu kumwagika. Tone moja likatua kwenye sahani ya mizani. Akalifuta kwa dole gumba, akaendelea kupima baruti. Mafuta ya kulainishia maganda huyachemsha mwenyewe kutoka kwenye manyoya ya kondoo. Gereji nzima ilinuka beberu aliyelowa. Na risasi za Janelle zilikuwa sandukuni, zinang'aa kwa mafuta hayo, zimeota nywele za mbwa.

"Umezibana mwili mzima?" nikauliza, kwa mbali.

"Shingo tu. Miaka arobaini nabana shingo."

"Sikiliza, mzee. Bunduki yako unaifunga kwa mkono. Ganda likikaza, unalisukuma. Ya Janelle inajijaza yenyewe, haina mkono, ina springi. Na maganda haya ameyaokota uwanjani, yametoka kwenye bunduki za watu kumi. Yamevimba kila moja kivyake."

"Hayo ulisoma wapi, Dewey? Nyuma ya pakiti ya biskuti?"

"Nyuma ya pakiti kuna akili kuliko humu ndani."

"Basi kaoe pakiti," akasema, akatema.

Mfukoni nilikuwa na kipimo, kijibomba cha chuma. Risasi ikitumbukia yote, itaingia kwenye bunduki. Ikibaki imechomoza, itakwama. Kazi ya dakika ishirini. Nikazitazama zile nywele, nikafunga sanduku kwa ncha za vidole, nikaondoka.

Jumamosi Janelle aliongoza mpaka raundi ya haraka, risasi kumi kwa sekunde sabini. Tatu zikatoka safi. Ya nne ikaingia nusu, bunduki ikabaki mdomo wazi. Akaisukuma, akagonga kitako chini, wapi. Sheria ya uwanja wetu ni moja: ukikwama, umekwama. Nafasi ikaenda kwa jamaa mmoja mwenye kofia mpya ambaye hata upepo hajui kuusoma.

Tukakutana nyuma ya gari langu, pamoja na Orval aliyekuja kutazama. Sasa kipimo nikakitoa, na Orval akatumbukiza zilizobaki, moja moja. Katika arobaini, kumi na saba zilichomoza.

"Nimekosa mimi," akamwambia Janelle. "Nilijaza kama naijazia bunduki yangu."

Hapo nikapanda mimbari. "Nilimwambia jana. Nikamwambia shingo haitoshi, nikamwambia..."

"Ulimwambia yeye," Janelle akanikata. "Mimi uliniambia nini?"

Nikakichukua kipimo, nikakipangusa kwa shati.

"Na hicho kijibomba kilikuwa wapi jana, anko?"

"Mfukoni. Zilikuwa na nywele za mbwa, Janelle."

Alinitazama kama mtu aliyekanyaga kitu. Kisha akamgeukia Orval: "Jumanne nakuja. Utanunua chuma cha kubana mwili, nitajaza mwenyewe. Mwaka ujao nafasi ipo."

Nikamwambia aje kwangu, meza safi. Akasema Orval anapokosea husema, basi atavumilia harufu.

Jumanne ya tatu nilipita. Janelle alikuwa amevaa glovu, anapaka ganda mafuta, anabana, anapima. Kopo la mate lilikuwa pembeni yake, limejaa vilevile. Nikasimama mlangoni.

"Kama umekuja kusimama, futa mafuta," Orval akasema, akanirushia kitambaa ambacho zamani kilikuwa fulana yake ya ndani.

Kilikuwa na joto. Janelle hakuinua macho. Nikaingia, nikafuta maganda mia mbili, ganda moja baada ya jingine, mpaka la mwisho.