Anayeonekana kwa Maruweruwe

Kwa miaka mingi jirani yangu wa hapa Nyanchwa amekuwa akikohoa kabla ya kuingia popote alipo mumewe. Haumwi kifua. Kikohozi hicho ni cha kumjulisha mzee kwamba ni yeye, maana mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili. Mzee husema humwona kwa maruweruwe: anajua kuna mtu, anajua amevaa gauni, yaliyobaki anajijazia mwenyewe. “Naona umependeza,” humwambia kila asubuhi, naye hucheka akiziba mdomo kwa kiganja kilichokwaruzwa na majani chai, kuficha pengo ambalo mzee hawezi kuliona. Wiki ya mzee kufanyiwa upasuaji wa macho nilimkuta mkewe akijitazama kwenye kioo cha dirisha, akifunga kitambaa, akikifungua, akikifunga tena mpaka mvi zote zikafichika.

“Unaogopa kisu, mama?”

“Kisu ni chake. Mimi naogopa ataniona.”

Jana mzee alitolewa bandeji hospitalini. Leo asubuhi aliporudi nyumbani, ukungu ulikuwa bado umelala kwenye migomba, na jirani yangu akabaki humo, umbo tu, akikohoa na kukohoa bila kusogea. Mzee akasimama barazani.

“Wacha kukohoa, nakuona,” akasema. “Kuja pole pole. Miaka yote hii nimekuwa nikikukisia. Leo nataka kukutazama.”

Mkewe akatoka kwenye ukungu taratibu, kiganja mdomoni. Alipofika chini ya baraza aliushusha mkono, halafu akafungua kitambaa.