Mluzi wa Chumba cha Kufulia

Jirani yetu Mhindi hapa Marekani hawashi mashine ya kufulia ya jengo letu kabla hajaegemeza simu ukutani na kufungulia kriketi. Wachezaji wakienda kunywa chai, maana huo ni mchezo wa kunywa chai, anapiga mluzi nyimbo za filamu huku vidole vikigonga bati la mashine. Mwisho wa kila filamu anaujua, na atakusimulia hata hujamuuliza. Mimi ndiye mkalimani wake na Mama, na nimechoka. Jumamosi alipiga mluzi wimbo mmoja, Mama akaudakia kwa maneno ya taarabu. “Mwambie huo ni wetu, wameuiba! Niliingizwa nao ukumbini siku ya harusi yangu, Mombasa.” Mhindi akacheka. “Anti, ni wa kwetu huo. Mke anamwimbia mume aliyemkimbia.” Nikafasiri, ningefanyaje? Mama akaacha kukunja shuka. Baba alimwacha mwaka jana, kahamia mji wa jirani, Eagan. “Hebu muulize,” akasema, “yule mume alirudi?” Mhindi akamtazama Mama, akaitazama simu. “Sikumbuki,” akasema. Yeye, asikumbuke! Akazizoa nguo zake zikichuruzika maji, akatoka, na hajarudi kufua pale tena.