Kidole Gumba Kilichohamia Shavuni

Wembe ulipopita shavuni, kidole gumba cha mkono wangu wa kulia kikasisimka.

Shida ni kwamba mkono huo sina. Mashine ya kuchakata mkonge iliuchukua hapa Korogwe, mpaka juu ya kiwiko.

"Hebu pitisha tena hapo," nikamwambia mke wangu Shamimu, aliyekuwa ananinyoa.

Akapitisha. Kidole kikasisimka tena.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, muone nimezaliwa na watu wa aina gani.

Tangu nitoke wodini, mkono huo usiokuwepo ulikuwa unaniuma. Nausikia umekunja ngumi, kuukunjua siwezi. Nikamwambia shangazi Mwanaisha. Kumwambia shangazi ni sawa na kutangaza mnadani.

Shangazi ndiye aliyelazimisha mkono uzikwe. Nikiwa bado sijitambui, alimtuma Shamimu hospitali kuufuata. Akarudi na kifurushi kwenye sanda, kikazikwa nyuma ya nyumba yetu Mashewa, na dua ikasomwa.

Sasa akaleta mganga kutoka Handeni, anaitwa Semboja. Jamaa amevaa miwani ya jua halafu kakaa kivulini. Akachungulia maji kwenye beseni.

"Naona vidole vimekunjwa. Gumba limechomwa sindano. Aliyeuleta kutoka hospitali ndiye aliyefanya."

Wote wakamgeukia Shamimu.

"Wewe mwanamke!" shangazi akafoka. "Tukifukua tukaikuta hiyo sindano, leo hii unarudi kwenu Vugiri!"

Nikasema mke wangu haendi popote. Nani anamsikiliza mgonjwa? Kaka zangu walishavua mashati, wana raha kama wanachimba dhahabu.

Shamimu akaingia ndani, akatoka na jembe, akamkabidhi shangazi.

"Fukueni."

Wakafukua. Semboja akafungua sanda kwa mbwembwe zote.

Mchi.

Mchi wa kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu! Vidole hauna, sindano hauna.

Shangazi akauinua, akaugeuza huku na huku. "Si mchi wangu huu uliopotea?"

"Ni wako, shangazi," Shamimu akamjibu. "Hospitali waliniambia mkono umesagika wote, hakuna cha kubeba. Ukasema nisithubutu kurudi bila kitu. Nikakutafutia kitu cha kuzika."

Nilicheka mpaka kovu likauma.

Mnadhani Semboja aliona aibu? Thubutu! Akasema mkono umegeuzwa mchi kwa nguvu za giza. Mtu mzima, na ndevu zote zile.

Wiki iliyofuata ndipo Shamimu akaninyoa, yakatokea yale niliyoanza nayo. Tukaenda hospitali kwa dada Asnath, mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

"Kwenye ubongo kila kiungo kina kiwanja chake," akatueleza. "Kiwanja cha mkono kimepakana na cha uso. Mkono umeondoka, kiwanja kimebaki wazi, jirani kasogeza mpaka. Kwa hiyo ukiguswa shavu, ubongo unadhani umeguswa gumba. Inawatokea wengi waliokatwa viungo, kaka Muhsin. Hujarogwa."

Akanisimamishia kioo kifuani. Nikikunjua mkono wa kushoto, kioo kinauonyesha kama wa kulia. Nikawa narudia hivyo kila siku, na ile ngumi ikaanza kulegea. Nililia mbele ya mke wangu, wala sikujali.

Siku hizi tunaishi Kilole, mbali na ule upuuzi. Gumba likiwasha, Shamimu ananikuna shavu, linatulia.

Shangazi bado anatangaza kwamba Shamimu aligeuza mkono wangu kuwa mchi. Na mchi wenyewe aliuosha, anatwangia vitunguu mpaka leo! Yaani anaamini kabisa ni mkono wa mtoto wa kaka yake, na mboga anakula.

Funzo? Kiungo kisichokuwepo kikikuuma, nenda hospitali, mkeo muache. Kichwa changu kilipoteza mkono, kikajipanga upya. Vichwa vya ndugu zangu havijapoteza chochote, na havijasogea hata inchi moja.