Waliniambia nibaki chini na mabegi: nilivyochagua kilima cha day trip kutoka Malaba

Wakuu, natumai mko salama popote mlipo.

Kuna uzi humu watu wanauliza ni mlima gani mzuri wa kupanda na kurudi siku hiyo hiyo ukitokea huku kwetu mpakani. Majibu yote ni Elgon, Elgon, Elgon. Na kila anayejibu anaongeza, "lakini uwe fit."

Hiyo "uwe fit" ndiyo imenifanya niandike. Nitaeleza ilivyokuwa, pamoja na pale nilipoharibu mimi mwenyewe. Sina hiking club, sina cha kuuza.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, clearing agent, natoa mizigo ya watu forodhani pale mpakani Malaba. Miaka minne iliyopita lori lilirudi nyuma kwenye foleni, dereva ameshuka kununua chai, likanibana mguu wa kushoto. Niliwekewa chuma. Natembea, lakini nachechemea.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuambiwa "mama, wewe kaa tu." Harusini, kaa. Mazishini, kaa. Kanisani watu wakisimama kuimba, mtu ananishika bega nisisimame. Wakuu, nimekaa mpaka nimechoka.

Sasa mwaka huu welfare ya ofisi yetu, kile chama chetu cha kusaidiana, watu wanane, tukasema tutoke siku moja. Mimi nikapendekeza mlima.

Kicheko kilichotoka hapo!

Chairman wetu, nitamwita Barasa, akafuta machozi akasema, "Sawa, mama achague, yeye ndiye ana subira. Siku yenyewe atabaki chini na mabegi atuchemshie chai."

Nikasema nitachagua.

Kwanza nilifikiria Tororo Rock, ile ya upande wa Uganda unayoiona kila siku ukiwa Malaba. Ni nzuri. Lakini juu kuna ngazi za chuma, na kuvuka mpaka siku ya off kwangu ni kurudi kazini. Nikaiacha.

Halafu nikaenda kuangalia miamba ya upande wa Chelelemuk. Karibu, picha zitatoka safi. Ila yale mawe yanateleza, na sehemu nyingine lazima uruke kutoka jiwe hadi jiwe. Nikaiacha pia.

Mwishowe nikaangukia kilima kimoja upande wa Samia, huko kusini. Ni mbali kidogo, unapita Busia na Matayos kwanza, lakini kina njia ya mbuzi inayozunguka taratibu mpaka juu. Jina sitalitaja, mtaelewa kwa nini.

Nakiri hapa, na huko ofisini sijawahi kukiri: kila mlima nilikuwa naupima kwa mguu wangu. Sikuwa namtafutia Barasa mahali pa kupiga picha. Nilikuwa natafuta mahali ambapo mimi nitafika juu.

Sasa sikieni kosa langu.

Kile kilima nilikikagua nikiwa juu ya bodaboda, kutoka barabarani. Sikushuka, sikusalimia mtu, sikuuliza chochote. Halafu siku ya safari nikaagiza kila mtu avae reflekta, zile fulana za kung'aa, ndiyo tusipoteane kwenye vichaka. Mnajua sisi wa Malaba, reflekta kwetu ni kama shati. Huingii yard ya malori bila hiyo.

Tukafika asubuhi, tukaacha gari kando ya barabara. Watu wanane, reflekta za manjano. Mimi nimeinua simu naangalia njia kwenye ramani. Barasa ananyoosha mkono, "Tuanzie pale, tuzunguke mpaka pale, halafu tukate huku."

Mtu akapiga ukelele shambani. Kabla hatujafika kwenye mteremko, watu kama ishirini wako mbele yetu. Wengi ni akina mama, na kila mmoja ana jembe.

Aliyewasemea ni mama mzee mwembamba, nilikuja kujua anaitwa Nabwire. Jembe liko begani, wala hana haraka.

"Nyinyi ni wa kampuni gani?"

"Hatuna kampuni, mama. Sisi ni wa Malaba, tumekuja kupanda huu mlima," nikasema.

"Kufanya nini huko juu?"

"Kuangalia tu."

"Hata wale wengine walisema kuangalia tu. Walikuwa na hizo nguo hizo. Wakapaka mawe yetu rangi nyekundu, wakaenda. Sasa tunasikia kilima kitavunjwa kokoto. Watu wetu wamezikwa hapa chini. Mtavunja wapi, mtaacha wapi?"

Wakuu, nilisikia aibu. Huko mtu hapandi kilima bure. Anafuata mbuzi, kuni, au maombi. Na sisi tumekuja tumevaa kama watu wa kuwapimia makaburi.

Nikavua reflekta yangu, wengine wakavua. Nikaomba msamaha. Barasa tayari alikuwa anarudi nyuma, "Tuende Busia tukule samaki, hii siku imeshaharibika."

Nikamwambia aende, mimi siendi.

Nabwire akashauriana na wenzake kwa Kisamia. Kisha akasema tunaweza kupanda, lakini yeye atapanda na sisi aone tunachofanya. Na mmoja wetu abaki chini nao mpaka tushuke.

Barasa hakungoja amalize. "Huyu mama atabaki. Mguu wake ni mbaya."

Nikasema, kwa sauti ambayo ofisini hawajawahi kuisikia, "Chairman ndiye atabaki. Mimi napanda."

"Mama, utatuchelewesha."

"Basi chelewa ukiwa hapa chini."

Nabwire aliutazama mguu wangu muda mrefu. Nimetazamwa sana, lakini si hivyo. Akawageukia wenzake, "Huyu akipanda, mimi nitaamini. Hakuna kampuni inaleta mtu wa mguu hivi kupima mlima." Halafu kwangu, "Lakini ufike juu. Ukirudia katikati nitajua ulikuwa uongo."

Tukaanza.

Nilipanda vile yule wa mazoezi ya mguu hospitali alinifundisha: mguu mzima unatangulia, mbovu unafuata. Mzima, mbovu. Wenzangu wakatangulia kwa kelele na selfie. Baada ya nusu saa niliwakuta wamekaa wanahema, nikawapita. Niliona raha, siwafichi.

Karibu na juu kuna jiwe pana lililoinama. Kijana wetu wa ofisi akaleta mkono, "Mama, nikushike?" Nikamwambia asinishike. Nikatambaa kwa mikono na magoti, suruali ikapasuka, mbele ya watu wote. Nabwire alisimama pembeni akangoja. Hakuniambia pole hata mara moja, na kwa hilo nilimpenda.

Nikafika juu.

Ziwa liko pale limetanda, Uganda iko pale, mashamba ya mihogo yote chini. Nililia, wakuu, na si kidogo. Nabwire akanionyesha boma lake na makaburi ya wazazi wake, halafu yale mawe yenye rangi nyekundu. Akasema, "Sasa umeona. Ukiulizwa, useme kuna watu."

Nasema hapa: kuna watu.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda, nusu nilishuka kwa makalio. Chini tulimkuta Barasa amepewa mihogo ya kuchemsha na anawamenyea akina mama njugu. Mabegi yote yalikuwa salama.

Kwa hivyo wewe unayechagua mlima wa siku moja: anza mapema, maana huku mvua inakuja mchana. Beba maji. Angalia njia ya kushuka kabla ya ile ya kupanda. Na ushuke kwenye boda, usalimie wenyeji, useme unataka nini. Mlima una wenyewe, na ndiyo maana jina la huu wao sikulitaja.

Hayo ya kuwa fit, pima mwenyewe. Usipimiwe na mtu.

Mguu ulivimba siku nne. Nilienda kazini na mkongojo, na ofisi nzima ikaniambia, "Si tulikuambia?"

Ndiyo, mliniambia. Na umeuma kweli. Lakini miaka minne umekuwa ukiniuma kwa uamuzi wa dereva wa lori. Safari hii umeuma kwa uamuzi wangu.

Haya, nani mwingine humu ameshawahi kuachiwa mabegi? Andika hapa chini ulifanya nini. Na wa kuniambia nikae, nimeshakaa vya kutosha.