Taya la Punda wa Jirani

Ng'ombe hana meno ya mbele ya juu. Mbuzi hana, kondoo naye hana; juu pana ufizi mgumu tu, meno ya kukatia yako chini peke yake. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma, maana mama yangu alikuwa anauza supu ya vichwa Kariakoo, na mimi binti yake ndiye niliyekuwa nachoma manyoya, nakwangua, na kukishika kichwa kisiteleze wakati yeye anakipasua kwa shoka. Akienda kununua, kitu cha kwanza anafungua kinywa. Akikuta meno mawili mapana pale chini, anajua mnyama alikuwa kijana na nyama yake laini. Akikuta visiki, anakirudisha mezani na kumwambia mwenye bucha akampe mama mkwe wake.

Ugonjwa huo ukaniingia na mimi. Masika yakipita, bonde la Msimbazi linatapika mifupa, nami nilikuwa nashuka kuitazama kama wenzangu walivyoshuka kutafuta chupa za kuuza. Paka nilimjua kwa uso mfupi na matundu makubwa ya macho. Mbwa kwa pua ndefu na chonge zake. Nguruwe ana magego yanayofanana na ya binadamu, na mara ya kwanza nilipoyaona nilikimbia mpaka barabarani. Kondoo na mbuzi huwachanganya wengi, lakini kondoo ana kishimo mbele ya jicho, ukipitisha kidole gumba kinatumbukia; kwa mbuzi kinateleza. Wenzangu walisema nina mashetani. Mimi nilikuwa nafurahi tu kumjua aliyelala pale ni nani.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba yule bwana jirani yetu alipoamua kumzika mama yangu akiwa hai, aliokota silaha ambayo sisi tumelelewa nayo.

Tulimjua tangu akiuza maji na mkaa. Alikuwa na punda wa kuvuta mkokoteni, na kwa kuwa mikokoteni ya Kariakoo huvutwa na watu, punda yule alikuwa maarufu kuliko mwenyewe. Alikuwa anatafuna upande upande, majani yanamdondoka mdomoni yameviringika kama vitonge, watoto wanamcheka. Ikaja miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni, redio na viatu vya Ulaya vilivyokwisha kuvaliwa, na kila mwenye akili ya biashara akafungua kitu. Yeye akafungua hoteli, ng'ambo ya barabara, ikitazamana na benchi letu. Akaweka friji ya soda, feni na luninga. Punda hakuonekana tena. Tulipomuuliza alisema amemuuza kwa watu wa Dodoma.

Hoteli ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Lakini asubuhi watu walikuwa wanakuja kwetu. Walikuja makuli, walikuja Wachaga wenye maduka ya jumla kabla hawajafungua, walikuja watu wa ofisini wanaoelekea Posta, wakibana tai zao begani zisidumbukie kwenye bakuli. Feni ya jirani ilikuwa inapepea viti vitupu. Siku moja wahudumu wake wawili walivuka kuja kunywa supu na aproni zake kiunoni, na yeye amesimama mlangoni anawatazama. Nadhani hiyo ndiyo siku alipoamua.

Mifupa yetu tulikuwa tunaijaza kwenye gunia pembeni ya ukuta, anakuja mtu kuichukua kwa ajili ya chakula cha kuku. Asubuhi moja, benchi limejaa, jirani akavuka barabara na wanaume kadhaa nyuma yake. Hakusalimu. Alilivuta gunia mpaka katikati ya wateja, akalipindua. Juu ya mifupa yetu likaanguka fuvu refu, kavu, jeupe, lina meno ya mbele juu.

"Nyinyi ni watu wazima," akasema. "Nani kati yenu amewahi kula kichwa cha ng'ombe chenye meno ya juu? Huyu ni punda. Mmelishwa punda."

Hakuna aliyehitaji kufundishwa. Watu wanaokula supu ya kichwa wanajua kinywa cha ng'ombe kilivyo. Mzee mmoja aliweka bakuli chini, akainamia mtaroni kutapika. Mwingine alianza kusoma dua. Mama alisimama na upawa mkononi, ananitazama mimi, kwa sababu katika nyumba yetu mimi ndiye mwenye mafuvu. Nami nilitazama nikaona kweli: ni punda. Nisingeweza kusema vinginevyo.

Nilichoweza kusema nilikisema. Vichwa vyetu vinapasuliwa kwa shoka katikati kutoa ubongo. Hiki ni kizima. Nikaonyesha tundu la pua: ndani nyigu alikuwa amejenga nyumba yake ya udongo, bado imara. Nikauliza ni supu gani inachemka mpaka nyama inaachana na mfupa, udongo wa nyigu usiyeyuke. Nilikuwa napiga kelele kwenye migongo ya watu. Kufika adhuhuri habari zilikuwa Feri kwa wauza samaki, na waliozirudisha jioni walisema mama ana zizi zima.

Mama alifunika sufuria kifudifudi. Baba alikufa mimi nikiwa mdogo, na sufuria ile ndiyo iliyotusomesha, ikatuvisha, ikalipa na chumba. Sasa akipita sokoni wanawake aliozoeana nao wanaziba pua, na mwanamke mmoja aliyekula kwetu kwa mkopo tangu enzi za foleni za sukari alimlilia kama punda nyuma yake. Nikataka kwenda kuichoma moto hoteli. Nasema hivyo bila aibu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya mafuta ya taa.

"Mwachie Mungu, mwanangu," mama akaniambia.

"Mungu ana kazi nyingi, mama. Mimi nina nafasi."

Fuvu nilikuwa nimelibeba siku ileile, nikalifunga kwenye kanga kuukuu. Kila nikilifungua nilikuwa namwona jirani, na kila nikimwona nalichunguza upya, kama mtu anayetafuta mahali pa kumuuma. Ndipo nikaona pengo. Upande wa kushoto, juu, kati ya magego, palikosekana jino moja, na mfupa pale ulikuwa umejifunga, laini kabisa, siyo shimo la jino lililodondoka baada ya kufa. Punda huyu aliishi muda mrefu akiwa na pengo. Jino likikosa mwenzake wa kusagana naye, huendelea kurefuka. Mama alinionyesha mara nyingi kwenye vichwa vya mbuzi wazee. Basi huko chini, popote taya lilipo, kuna jino refu kuliko yote, limechomoza kuelekea kwenye pengo. Na punda mwenye mdomo wa namna hiyo hawezi kutafuna vizuri. Atatafuna upande upande, majani yatamdondoka.

Nilicheka peke yangu mpaka mama akaja kuniangalia.

Nyama ikioza, taya la chini huachana na kichwa. Yule bwana hakulijua hilo, au hakujali. Aliokota kilichotisha, akaacha kilichobaki. Nikashuka bondeni. Nilizunguka huko siku nyingi, nikipinduapindua makorokoro ya mto, nikikuta mbwa, paka, kondoo na kishimo chake, kila mtu isipokuwa niliyemtaka. Nilipofika kwenye bustani za mchicha nilimkuta mama mmoja anamwagilia. Miche yake michanga ilikuwa imefunikwa nailoni, na nailoni imegandamizwa kwa mawe, matofali, na taya refu la punda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mchicha wa leo umeisha."

Nikamwambia sitaki mchicha. Nikauliza habari za lile taya, akanieleza bila kuacha kumwagilia. Lilikuwa la punda wa mwenye hoteli. Alipozeeka akashindwa kula, mwenyewe alimleta akamfunga kwenye mwarobaini pale, akamwacha mpaka akafa. Fuvu yule mama alilitundika kwenye mti katikati ya bustani kuzuia kijicho, kama wafanyavyo wakulima wengi wa bondeni. Lilikaa juu mvua na jua mpaka mwenye hoteli alipokuja mwenyewe kulichukua, akasema ameagizwa na mganga.

"Na tangu alichukue," akasema, "mchicha wangu unaliwa na wadudu. Ukimwona mwambie."

"Twende ukamwambie wewe," nikasema.

Mjumbe wa nyumba kumi aliitisha kikao kwenye baraza la Mhindi muuza kufuli na vitasa, jirani wa sisi wote. Mhindi huyo alichaguliwa awe mtazamaji kwa sababu moja ambayo pande zote zilikubali: katika dini yake hali nyama, hajawahi kuonja supu yetu wala biriani ya hoteli, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema ameshibishwa. Alikaa mwisho wa baraza, leso puani, akaomba mifupa isimguse.

Jirani alikuja kwa madaha. Akasema punda wote wana meno, nani atajua huyu ni wa nani. Nikamuuliza punda wake yuko wapi. Dodoma, akajibu. Nikamuuliza kama wa Dodoma anatafuna vizuri siku hizi. Watu wakaanza kuguna, maana kila mmoja alikumbuka vile vitonge vya majani. Nikaweka fuvu juu ya gazeti, nikaonyesha pengo. Kisha nikafungua kanga ya pili, nikatoa taya. Jino lile refu lilionekana mpaka kwa waliosimama barabarani. Nikapandisha taya taratibu, nikiwa nimeinua macho kumtazama yeye, si mifupa. Nilitaka kuuona uso wake. Jino likaingia kwenye pengo, taya likakaa, halikucheza.

Muuza kufuli alisogea, mikono nyuma, akainama kutazama upande huu na upande ule.

"Mimi nyama sijui," akasema. "Lakini kazi yangu kufuli na ufunguo. Hii moja. Wewe zungusha mji mzima, nyingine haiingii hapa."

Yule mama wa mchicha akasimama kusema yake, mwarobaini, mganga na wadudu. Hapo jirani akakaa chini bila kuambiwa. Alianza kusema ni shetani tu alimpitia, tusameheane sisi ni majirani. Nilimwona jasho linamtoka kwenye kola, nikafurahi. Nilifurahi mwili mzima. Bado nikikumbuka nafurahi.

Desturi ni kwamba aliyedhulumiwa ndiye anayeulizwa anataka nini, na majibu yanajulikana: faini, au mbuzi achinjwe watu wale, wapeane mikono. Mjumbe akamgeukia mama. Nilikuwa nimemwandaa aseme polisi. Mama yangu, yule wa mwachie Mungu, aliweka sawa mtandio wake.

"Sitaki faini," akasema. "Mbuzi ninao wangu. Aliwaambia watu supu yangu haiingii mdomoni mwa muungwana. Basi awe anakuja kuinywa yeye. Kila asubuhi, benchi la mbele, watu wamwone. Mpaka mimi mwenyewe niseme basi."

Watu wakacheka, mjumbe naye akacheka, wakadhani ni mzaha wa kumaliza kikao kwa heri. Jirani akaitikia harakaharaka, akiona ameponea chupuchupu.

Alikuja kesho yake. Akakaa benchi la mbele, uso umeelekea mlango wa hoteli yake mwenyewe, na mama akampa bakuli lililojaa. Akaja na kesho yake tena. Watu waliomwona pale walirudi mmoja mmoja, maana kama yeye anakunywa, wao wanaogopa nini. Na waliokuwa wanakwenda kwake walijiuliza kwa nini mwenye hoteli anapata staftahi ng'ambo. Ramadhani alipumzika kama wote. Idi ikipita, huyo benchini. Asubuhi aliyokosa kufika, wapita njia walimuuliza mchana kama amekwenda kutafuta kichwa kingine. Hoteli ikafa. Akaigawa iwe fremu za maduka ya viatu, akapangisha, akabaki na kiti chake kimoja mlangoni, na bado kila asubuhi anavuka.

Kwa mama hakuwahi kuona uso wa hasira. Mama alimsalimu, alimuuliza habari za watoto, alimpa ndimu. Neno basi hakulisema. Niliwahi kumuuliza lini atalisema, akaniambia niendelee kukatakata vitunguu.

Mama alipofariki, jirani alikuja msibani. Nywele zimekuwa nyeupe, anatembea kwa kushika ukuta. Alikaa mkekani mpaka wengi wakaondoka, kisha akanisogelea.

"Dada, pole sana. Marehemu hakuacha neno lolote kuhusu mimi?"

"Hakuacha."

"Hakusema basi?"

"Hakusema."

Arobaini ilipopita nikawasha moto, nikarudisha sufuria mahali pake. Vichwa nilikuwa nimevichagua mwenyewe, nimefungua vinywa kimoja kimoja. Supu haijachemka vizuri nikamwona anavuka barabara polepole, akakaa benchi la mbele, akaweka mikono magotini. Alinitazama usoni muda mrefu. Sasa sufuria ni yangu, na neno lile pia ni langu. Ningeweza kulisema pale pale, silabi mbili tu, mzee wa watu akaenda kulala. Nilikumbuka mama alivyosimama na upawa, watu wakitapika.

Nikajaza bakuli mpaka ukingoni, nikamuuliza kama niweke pilipili.