Siku Umeme Ulipokatika Saluni

Wateja walimwita Kasuku, maana msusi yule mdomo wake ulikwenda kasi kuliko vidole vyake. Alikusuka huku akikuchekesha mpaka ukasahau kwamba kichwa kinauma.

Alipoolewa, maneno yalianza kumpungua. Mumewe hakuwahi kumnyanyulia mkono. Alianza na sauti tamu: "Nakupenda mno, ndiyo maana nataka kujua uliko." Kisha akawa anamchagulia nguo, akawa anaipekua simu ya mkewe kila jioni, akamwambia mkewe kwamba dada yake ana kijicho, asikanyage tena nyumbani kwao. Mchana alipiga simu saluni na kudai asikilizishwe draya ya kukaushia nywele, ahakikishe kweli mke yuko kazini. Binti yao mdogo alijifunza kunong'ona. Geti likilia tu, anaficha mwanasesere chini ya kochi.

Siku moja mama mkwe alikuja kusukwa, na umeme ukakatika. Simu ikaita. Chanuo likamdondoka msusi.

"Nisikie draya," sauti ya mume ikasema, kubwa hata wateja wakaisikia.

"Umeme hakuna, baba."

"Unanidanganya. Uko wapi?"

Mteja mmoja mnene, kwa huruma, akasogeza mdomo kwenye simu akavuma: "Vuuuuu!" Saluni nzima ikaangua kicheko, isipokuwa mama mkwe. Nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama wima, akanyoosha mkono akaichukua simu.

"Mwanangu, ni mimi mama yako. Mkeo yuko kichwani kwangu. Una jingine?"

Simu ikakatwa. Mama mkwe akamgeukia msusi. "Kila siku iko hivi?"

Msusi akaitikia kwa kichwa, machozi yanamlengalenga.

"Baba yake mumeo alinifanyia hayahaya, nami nikayaita mapenzi. Mwanangu aliyaona yote. Nimalizie nywele, mkwe wangu, kisha tukamchukue mtoto shuleni. Leo mnalala kwa dada yako."

Mume alifika kwa dada kesho yake, kwanza na maua, baadaye na vitisho. Alimkuta mama yake mzazi kakaa mlangoni, miguu kainyoosha. "Pita juu yangu," akamwambia. Hakupita. Msusi alipopeleka shauri, ofisi ya ustawi wa jamii ikampangia mume kumwona binti palepale ofisini, mbele ya afisa.

Uhuru nao ulitaka mazoezi. Wiki za mwanzo msusi alikuwa akiuliza, "Dada, naomba nifungue dirisha?"

"Dirisha linahitaji kibali? Fungua, ukitaka ling'oe kabisa!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Binti naye akapandisha sauti kidogo kidogo, hadi jirani akagonga ukuta kwa sababu ya nyimbo zake. Mama yake hakumnyamazisha. Alimfundisha ubeti wa pili.

Jumapili moja walitoka wawili.

"Tunaenda wapi, mama?"

"Hata mimi sijui!"

Mtoto akaruka kwa furaha. Kwenye kila njia panda yeye ndiye aliyechagua kushoto au kulia. Walikula askrimu iliyowachuruzikia mpaka viwikoni, wakabembea kwenye bustani, wakapotea, wakajikuta uwanja wa mpira wakiishangilia timu wasiyoijua. Jua lilikuwa linazama walipoingia nyumbani, miguu yote vumbi. Msusi akajikuta anatafuta maneno ya kujieleza, kama alivyozoea kwa mumewe.

Dada akachungulia kutoka jikoni, akamsikia binti bado anaimba wimbo wa mashabiki. "Mmeshinda?"

"Tumefungwa mabao matatu!" binti akapaza sauti, anacheka.

"Poleni. Naweni mikono, chakula kinapoa."

Wakaenda kunawa, wakigombania sabuni.